Kiduha na Mzunguko wa Mazao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila msimu kutoka kwa wakulima wa mahindi, mtama na mpunga wa mwinuko, yaani wa nchi kavu. Mengi yanatoka Kanda ya Ziwa Victoria, pande zote za mpaka: Mara, Mwanza na Shinyanga, halafu Migori, Homa Bay, Siaya, Busia na Vihiga, hadi Tororo nchini Uganda. Mengine ni ya Dodoma, Morogoro na Kyela. Kiduha kinafukuzwa kwa kubadilisha mazao, tena kwa mazao yanayolipa, ila mkulima anayetegemea msimu mmoja atavunjika moyo bure.

## Kukijua kiduha

Kiduha ni gugu la namna gani?

Ni gugu nyonyaji. Magugu mengine yanagombania maji, mwanga na mbolea na zao lako. Kiduha kinajiunga moja kwa moja na mzizi wa mmea na kunyonya humo maji na chakula. Wajaluo wanakiita kayongo, na wataalamu wanakiita Striga.

Aina mbili ndizo zinazosumbua zaidi kwetu. Striga hermonthica ina maua ya zambarau yanayoelekea pinki na ndiyo iliyoenea kandokando ya Ziwa Victoria. Striga asiatica ni fupi zaidi, maua yake madogo mekundu, na inasumbua sana mtama, mahindi na mpunga wa mwinuko kwingineko Tanzania. Zote mbili zinashambulia mazao ya jamii ya nyasi: mahindi, mtama, ulezi, uwele, mpunga wa nchi kavu na hata miwa.

Mahindi yamedumaa na kunyauka ilhali mvua ipo, na kiduha bado sijakiona. Kinaweza kuwa ndicho?

Kinaweza, na mara nyingi ndicho. Madhara makubwa hutokea kikiwa bado chini ya ardhi. Hukaa wiki kadhaa kikimnyonya mwenyeji wake, yaani mmea kilioushika, kabla ya kuchungulia juu, na kwa kawaida utakiona mahindi yakiwa na wiki tano hadi nane.

Usisubiri kitoke. Mahindi yakiwa na mwezi mmoja, chagua shina moja lililodumaa. Lichimbue kwa jembe pamoja na bonge la udongo, usiling'oe kwa mkono. Litumbukize kwenye beseni la maji, acha udongo ulainike, kisha suuza mizizi polepole. Kama ni kiduha utaona vichipukizi vyeupe, laini, vyenye vijani vidogo kama magamba, vimeshikamana na mzizi wa muhindi. Ukivivuta vinakatika, na pale viliposhika panabaki kivimbe kidogo. Bonge lisipokuwa navyo, jaribu mashina mengine mawili matatu kabla ya kuamua.

Napalilia mara mbili kila msimu. Mbona kinazidi?

Kwa sababu palizi ya pili mara nyingi inakwisha kabla kiduha hakijatoka. Mkulima akishaweka jembe chini, kinaota, kinatoa maua na kumwaga mbegu huku yeye akingoja mahindi yakauke. Shamba lenye kiduha linahitaji mzunguko wa tatu, si wa jembe bali wa mikono: kupita mistari na kung'oa kila shina kabla halijachanua. Lililokwisha kuchanua lisiachwe shambani, maana vitumba vinaweza kuendelea kukomaa hata baada ya kung'olewa. Likusanye ukalichome.

Mbegu zake zinakaa udongoni muda gani?

Zaidi ya miaka kumi kama hazijapata mzizi wa kuziamsha. Ni ndogo kama vumbi, urefu wake yapata theluthi moja ya milimita, na shina moja linaweza kutoa makumi ya maelfu. Chukua shina lililotoa mbegu 50,000. Zikitawanyika sawasawa katika ekari moja, kila mita ya mraba itapata zaidi ya mbegu 12. Hilo ni shina moja tu ulilolisahau pembeni mwa shamba.

## Namna mzunguko unavyofanya kazi

Kubadilisha zao kunaondoaje gugu ambalo mbegu zake zinaishi miaka yote hiyo?

Mbegu ya kiduha haioti ovyo. Kwanza inahitaji udongo wenye joto na unyevu kwa wiki moja hadi mbili. Halafu inangoja ishara ya kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mmea ulio karibu sana, umbali wa milimita chache. Ikiisikia ishara hiyo inaota, na isipopata mzizi wa kushika ndani ya siku chache, inakufa.

Mazao kadhaa yanatoa ishara hiyo lakini kiduha hakiwezi kuyanyonya. Pamba ni mfano wa zamani: kemikali ya kwanza ya kundi hili kutambuliwa na wanasayansi ilitoka kwenye mizizi ya pamba, mwaka 1966, na pamba yenyewe hailiwi na kiduha. Ukipanda zao la namna hiyo, mbegu zinaamka, zinakosa mwenyeji na kufia udongoni. Kwa hiyo kila msimu wa zao hilo unafanya kazi mbili: unapunguza akiba ya mbegu iliyomo, na unazuia mpya zisiongezwe. Hiyo ya pili ndiyo wengi wanaisahau, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi.

Ni mazao gani yanafaa?

Soya, kunde, karanga, njugu mawe, mbaazi, pamba, alizeti na ufuta. Uwezo wa kuamsha mbegu unatofautiana hata kati ya aina na aina ya zao moja, kwa hiyo soya ya jirani yako inaweza kufanya kazi vizuri kuliko yako.

Chagua kwanza kwa soko na mvua ya kwako. Shinyanga na Simiyu pamba tayari ina wanunuzi na ratiba inayojulikana, hivyo kuipokezana na mtama ni hatua rahisi. Singida na Dodoma alizeti inakamuliwa hukohuko. Magharibi mwa Kenya soya imepata nafasi kwa sababu inaliwa nyumbani na pia inanunuliwa na watengenezaji wa chakula cha mifugo. Aina ya SB 19 imeenea kwa wakulima wengi. Kunde zina faida ya haraka, kwani unaanza kuchuma majani kabla hata hazijatoa maganda. Zao lisilo na mnunuzi utaliacha baada ya msimu mmoja, na kiduha kitarudi palepale.

Maharage je?

Kiduha hakiyashambulii, kwa hiyo msimu wa maharage peke yake hauongezi mbegu. Ila usitegemee yaziamshe kama soya au kunde zinavyofanya. Tena yanakomaa haraka na mizizi yake haikai muda mrefu udongoni. Yapande ukiyahitaji kwa mboga, lakini kipande kilichoathirika zaidi kipe soya, karanga au pamba.

Na muhogo au viazi vitamu?

Navyo havishambuliwi. Vinazuia mbegu mpya, ila usivitegemee kuamsha zilizomo.

Si bora niache shamba lipumzike tu?

Shamba likiachwa linaota majani, na mengine ni ya jamii ya nyasi zinazoweza kulea kiduha. Unaweza kurudi baada ya miaka miwili ukalikuta na mbegu zaidi.

Kama unataka kulipumzisha, lipumzishe kwa mmea uliouchagua. Kyela na Morogoro marejea, mmea wa jamii ya mikunde, yamefanya kazi nzuri kabla ya mpunga wa mwinuko na mahindi: yanaamsha mbegu za kiduha, yanafunika ardhi, na yakilimiwa chini yanarudisha naitrojeni. Magharibi mwa Kenya sesbania, mti mdogo wa jamii ya mikunde, imetumika kwa namna hiyohiyo, na kuni zinabaki.

## Kupanga misimu

Msimu mmoja wa soya unatosha?

Hautoshi. Baada ya msimu mmoja mahindi yako yatakuwa mazuri zaidi kwa sababu ya naitrojeni iliyoachwa, lakini kiduha utakiona bado, na pengine kingi. Wengi hukata tamaa hapa, wakisema soya haikufanya kitu.

Ishara haifiki mbali, tumeliona hilo juu. Mbegu ambayo hakuna mzizi uliopita jirani yake imebaki imelala vilevile. Panga misimu mitatu au minne ya zao lisilo mwenyeji katika kipande kilichoharibika sana kabla hujarudisha mahindi humo, na mahindi yakirudi, ng'oa kila kiduha kinachotoka. Kipande chenye kiduha cha hapa na pale kinaweza kwenda kwa kupokezana: msimu wa mahindi, msimu wa mikunde.

Nina ekari moja na nyumba nzima inategemea ugali. Nitaachaje mahindi misimu minne?

Usiyaache shamba zima. Gawa ekari yako vipande vitatu kwa kuangalia kiduha kilivyo: pabaya sana, pa wastani, na penye nafuu. Pabaya sana tayari hapakupi mahindi ya maana. Kama ekari nzima inakupa magunia manne, inawezekana kipande hicho hakitoi hata debe mbili, kwa hiyo kukiondoa kwenye mahindi kunakupunguzia kidogo sana. Hapo ndipo pa kuanzia soya, kisha kunde, kisha karanga.

Kipande chenye nafuu kipe mahindi na samadi yote uliyonayo. Samadi iliyotawanywa ekari nzima huwa kidogo kila mahali. Ikiwekwa theluthi moja inaonekana. Cha wastani kipokezane. Baada ya miaka miwili vipande vibadilishane zamu. Ninajua hesabu hii ni ngumu kwa mama mwenye watoto sita na ghala tupu mwezi wa tano, na ndiyo maana nasisitiza uanze na kipande ambacho hakikulishi hata sasa.

Mikunde niiweke masika au vuli?

Wenye misimu miwili wengi huanza na msimu mfupi, kwa kuwa mahindi ya masika hawawezi kuyaachia, na kunde au soya ya muda mfupi inavumilia mvua chache. Ni mwanzo mzuri kwa shamba lenye kiduha kidogo. Lakini mahindi yakirudi kila masika, kiduha kinapata mwenyeji kila mwaka. Kwa kipande kibaya masika pia yapewe zao lingine.

Panda mapema. Mbegu za kiduha zilizokaa kwenye unyevu muda mrefu bila kupata ishara zinarudi kulala, na zao la kuchelewa linakuta nyingi hazisikii tena. Wenye msimu mmoja kama Dodoma na Kyela hawana uchaguzi. Kwao mzunguko ni wa mwaka kwa mwaka.

Nafasi ya kupanda ina maana yoyote?

Ina maana kubwa. Soya iliyopandwa mbalimbali inaacha udongo mwingi usiopitiwa na mzizi hata mmoja. Fuata nafasi ya kitaalamu ya aina uliyonayo na rudishia mapengo mapema. Soya ya mara ya kwanza shambani ichanganywe na chanjo ya bakteria wa mizizi kabla ya kupanda. Chanjo ya Biofix inapatikana kwa wauza pembejeo wengi Kenya. Iweke kivulini, kwani jua linaua bakteria hao.

Mbolea ina uhusiano gani na kiduha?

Mahindi na mtama vikikosa fosforasi au naitrojeni, mizizi hutoa ishara nyingi zaidi. Udongo uliochoka unakiita kiduha kwa sauti kubwa. Ndiyo sababu kimeshamiri kwenye ardhi ya kichanga iliyolimwa nafaka miaka nenda rudi. Samadi, mboji au mbolea ya dukani haitakiondoa peke yake, lakini ikiunganishwa na mzunguko inafupisha safari. Mikunde nayo ipewe fosforasi, hasa soya.

Mahindi yaliyojiotea ndani ya soya yana shida?

Yana shida kubwa. Yang'oe yote, pamoja na mtama wa maotea. Shina moja la maotea linaweza kulea viduha kadhaa, na hesabu ya mbegu umeiona juu.

## Mzunguko pamoja na njia nyingine

Nikichanganya kunde na mahindi msimu uleule, si ni mzunguko tosha?

Kunasaidia, lakini si kitu kimoja. Kunde zinatia kivuli, zinapoza udongo na kuamsha baadhi ya mbegu, huku mahindi yaliyo jirani yanaendelea kukilea kiduha.

Njia ya kuchanganya iliyothibitika zaidi ni sukuma-vuta, iliyobuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, Homa Bay, pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza na watafiti wa Kenya. Unapanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde, katikati ya mistari ya mahindi, na matete au nyasi za brachiaria kuzunguka shamba. Ilianza kama njia ya kupambana na funza wa mabua, ndipo ikaonekana kwamba kiduha nacho kinapotea: mizizi ya desmodiamu inaamsha mbegu zake na wakati huohuo inakizuia kisishike mzizi wa muhindi. Desmodiamu inakaa miaka kadhaa bila kupandwa upya, tena ng'ombe wanaipenda. Ugumu wake ni mbegu, ambazo ni ghali, na palizi makini ya msimu wa kwanza. Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa na shamba dogo ningeichagua kabla ya mzunguko. Asiye na mifugo ana sababu ndogo ya kuibeba kazi hiyo.

Kuna mbegu za mahindi au mtama zinazokistahimili?

Zipo. Tanzania mtama wa Hakika na Wahi ulitolewa mwaka 2002 kwa ajili ya maeneo yenye kiduha. Kenya kuna mahindi ya Ua Kayongo, ambayo mbegu yake imepakwa kiuagugu cha imazapyr kinachokiua kiduha kinapojaribu kushika mzizi. Mbegu hizo zinafaa sana mwaka unaporudisha nafaka baada ya mikunde. Angalizo: usiweke maharage au kunde shimo moja na mahindi yaliyopakwa dawa, wala usishike mbegu za mikunde kabla ya kunawa mikono kwa sabuni. Kiuagugu hicho kinaidhuru mikunde.

Nikipulizia kiuagugu cha 2,4-D?

Inaua kiduha kilichokwisha kutoka, hivyo inazuia mbegu. Madhara ya msimu huo yamekwisha kufanyika chini ya ardhi. Na inaua mikunde, kwa hiyo haifai palipochanganywa mazao.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Kunde zangu zimetoa gugu la maua ya njano mizizini. Kiduha kimehamia kwenye kunde?

Hapana. Huyo ni Alectra vogelii, ndugu wa karibu, naye ni nyonyaji wa mikunde: kunde, karanga, njugu mawe, wakati mwingine soya. Mahindi hayagusi. Shamba likiwa na wote wawili, pokezanisha na zao lisiloshambuliwa na yeyote, mfano pamba au ufuta. Kwa kunde, tafuta aina zilizochaguliwa kwa ajili hiyo. Tanzania kuna Vuli-AR1 na Vuli-AR2. Ng'oa la maua ya njano kwa bidii ileile.

Nalima mpunga Kyela. Haya yote yananihusu?

Mpunga wa mwinuko ndiyo, na marejea ndiyo njia iliyojaribiwa zaidi huko. Majaruba yanayotwama maji hayana shida ya kiduha. Ila mabonde yanayopata maji ya mvua tu yana nyonyaji mwingine, Rhamphicarpa fistulosa, anayeweza kuota na kuishi hata bila mwenyeji, kwa hiyo mazao ya kuamsha mbegu hayamtegi. Yeye anapunguzwa kwa kupanda mapema na kung'oa kabla hajamwaga mbegu.

Jirani yangu hafanyi lolote. Najisumbua bure?

Hujisumbui bure, lakini funga njia. Mbegu zinakuja kwa maji ya mvua yanayotoka shamba la juu, matope ya jembe na plau la kukodi, kwato, upepo, na mbegu za kupanda zilizopuriwa juu ya ardhi. Chimba mfereji mdogo upande wa juu, osha plau kabla halijaingia kwako, na usinunue mbegu za mtama sokoni bila kujua zilikotoka. Kama mna kikundi, kubalianeni siku moja ya kung'oa pamoja kabla ya maua.

Naweza kuwalisha ng'ombe kiduha nilichong'oa?

Kikiwa hakijachanua, ndiyo. Chenye mbegu usiwape, maana mbegu zinapita tumboni zikiwa hai, na samadi itazirudisha shambani.

Kinaweza kwisha kabisa?

Marekani Striga asiatica iligunduliwa mwaka 1956 katika mashamba ya mahindi ya North Carolina na South Carolina. Serikali ikaweka karantini, ikapiga viuagugu, na baadaye ikaingiza gesi ya ethilini udongoni ili kuamsha mbegu pasipo na zao. Zaidi ya asilimia 99 ya eneo lililoathirika limesafishwa, lakini kazi imechukua miongo mingi na fedha ambazo mkulima mdogo hana. Kanuni waliyotumia ni ileile ya soya na pamba yako: amsha mbegu pasipo na mwenyeji, na usiruhusu mpya.

Kwa shamba la kwetu lengo la haki ni kukishusha hadi palizi ya mikono ya siku moja iweze kukimaliza.

Nitajuaje kwamba sasa naweza kurudisha mahindi?

Usirudishe kipande kizima kwa kubahatisha. Msimu wa mwisho wa mikunde, panda mistari miwili ya mahindi ya kawaida, yasiyopakwa dawa, ikatize kipande kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wiki ya tano chimbua mashina kadhaa na kuyaosha kwenye beseni kama ilivyoelezwa mwanzoni, kisha endelea kuhesabu viduha vinavyotoka hadi wiki ya kumi, ukiving'oa vyote. Mistari ikiwa karibu safi, rudisha mahindi msimu unaofuata. Vikijikusanya sehemu moja, weka alama ya vijiti hapo na upe sehemu hiyo peke yake misimu miwili zaidi ya karanga au soya.